Mzima Kwenye Karatasi

Nilimpiga ndugu yangu Kiarie mara mbili mwezi ule wa Mei, na mara zote mbili nilijiona niko sawa. Nalisema hili mapema usije ukadhani unasimuliwa na mtu mpole. Mimi ni Mbugua, mchunaji wa ng'ombe katika kichinjio kimoja cha Dagoretti, mwaka wa kumi na sita sasa, na mkono wangu hufika kabla ya maneno. Baba yetu alikuwa vivyo hivyo. Alitupiga kwa mshipi, kwa mpira wa maji, na Krismasi moja kwa mguu wa mbuzi uliokuwa mezani, na kansa ya koo ilipomuua watu walijaa kanisani mpaka wengine wakasimama nje.

Kiarie ana miaka ishirini na tatu. Tuko wawili tu, na kwa desturi yetu Wakikuyu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babake mama. Basi mama yetu, Virginia, amemwita "baba" tangu akinyonya. Tulipokuwa wadogo, nikimgusa Kiarie pale nyumbani Satellite, mama alinitokea na mwiko akiniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kumpiga babake. Nikajifunza kumpigia nje ya lango.

Nilimwingiza kichinjioni alipomaliza shule, na kwa miaka minne hapakuwa na mkono mwepesi kama wake. Kukata koo ni kazi ya Waislamu. Sisi tulipokea ng'ombe akishatulia, tukachuna na kupasua. Kiarie alipewa mgongo, mahali ngozi inapokuwa ngumu kuachana na nyama, na ngozi zake zilitoka bila tundu hata moja. Wazee wa stoo ya ngozi walizijua bila kuuliza zimetoka kwa nani. Nilijivuna naye, ingawa sikuwahi kumwambia.

Ilianza na mgongo. Kisha tumbo. Kisha kifua, akasema ni kama kuna mtu amemkalia. Akaacha kula nyama, mchunaji mzima. Alilala saa moja jioni, na asubuhi akaamka amechoka kuliko alivyolala. Suruali ikaanza kumvuka, akawa anaifunga kwa kamba. Sisi watu wa huku, mtu akisema anaumwa na hatuoni damu, tunasema ni taifodi. Duka la dawa la mtaani lilimtoa damu kidoleni, likasema ni taifodi, akameza vidonge siku kumi. Hakupona. Likampima tena, taifodi tena. Mara ya tatu mama alileta mafuta ya maombi, akayachanganya na vidonge, na Kiarie akatapika vyote viwili.

Kikosi chetu kilikuwa watu watano, na kikosi huenda kwa mwendo wa mtu wake wa polepole zaidi. Ngozi za Kiarie zikaanza kutoka na matundu. Alisimama na kisu mkononi akiangalia mzoga kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Jackton, yule wa bastola ya kumzimisha ng'ombe fahamu kabla ya kisu, akasema mbele ya wote kwamba Kiarie ana mimba na tuanze kumnunulia nepi. Watu wakacheka. Nilimpiga Jackton kichwa cha pua mpaka akakaa chini kwenye maji ya damu. Kisha nikamvuta Kiarie nyuma ya stoo ya ngozi, nikampiga ngumi mbili za mbavu kwa kunifanya nimpige Jackton.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Hakuinua mkono. Aliinama tu, akashika magoti, akangoja kama kuna ya tatu.

Sasa lazima nieleze jinsi sisi wa kichinjio tunavyouelewa ugonjwa, maana hapo ndipo nilipokosea. Nimefungua ng'ombe maelfu. Ng'ombe akiwa mgonjwa, ukimpasua unaona: ini lina minyoo, mapafu yameshikana na mbavu, bandama limevimba mpaka linapasuka mkononi. Daktari wa nyama anakuja na kisu chake, anakata hapa na pale, anatazama. Kibaya kinamwagiwa rangi na kutupwa shimoni. Kizuri kinapigwa muhuri, na kikishapigwa muhuri mjadala umekwisha, hata mwenye ng'ombe awe na maneno kiasi gani. Mimi niliamini mwili ni hivyo. Ugonjwa una mahali pake. Usipoonekana, haupo.

Basi nikasema tumpeleke Kiarie akafunguliwe, kwa namna ya binadamu. Tukaenda mjini, kwenye maabara moja ya orofa ya nne, jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Walimtoa damu chupa sita. Walimpiga picha ya kifua, wakambandika nyaya za moyo, wakamteremshia kamera kooni mpaka tumboni huku mimi nikimshika miguu. Alitoa machozi bila sauti. Baada ya siku mbili tukarudi kuchukua majibu. Daktari wa pale alipekua karatasi bila kuketi, akasema hakuna kitu, kijana yuko sawa kabisa, apumzike na anywe maji mengi. Dakika tatu hazikuisha.

Tuliteremka ngazi hadi Barabara ya Latema. Ilikuwa saa saba mchana, watu wamejaa, kila duka lina spika mlangoni. Nilikuwa nimeishika ile bahasha kwa furaha, kwa sababu kwangu ulikuwa muhuri. Nikamwambia Kiarie sasa amalize vituko, kesho ni kazini. Yeye akasimama katikati ya watu na kuanza kulia.

"Bro, mi nilikuwa naomba wapate kitu," akasema. "Hata kansa."

Nilimzika baba yangu na kansa. Nilimwosha koo lile mimi mwenyewe, mikono hii. Nilimzaba Kiarie kofi ambalo lilisikika kupita spika, nikamkamata shati kifuani, nikamtikisa nikimuuliza kama anajua anachokiomba.

Mtu mzima akimkaba kijana shati katikati ya mji, Nairobi haiulizi maswali. Muuza vifuniko vya simu alipiga kelele ya mwizi. Sikuwahi hata kugeuka. Teke la kwanza lilimpata Kiarie kwenye paja, likafuata la pili, na mlinzi wa duka la viatu akaja na rungu akalishusha sikioni mwake. Sikio likachanika. Walitoka kila mahali, watu wa ofisi na tai zao, wapiga debe, mama mmoja mwenye mwavuli aliyekuwa akichoma kwa ncha. Nilipaza sauti kwamba ni ndugu yangu, na kadiri nilivyopaza ndivyo walivyonisukuma nje wakiniambia tulia mzee, tumemshika. Walidhani wananisaidia. Kisha nikasikia mtu akiuliza kama kuna tairi karibu, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeulizia chumvi.

Hapo nilipigana. Nilivunja vidole vya mtu, nilimng'ata mwingine begani mpaka nikaonja shati lake. Nilipomfikia Kiarie alikuwa ameanguka chali, na mikono yake miwili imelala ubavuni. Nimewahi kuona wezi wakipigwa. Kila mmoja hujikunja, hukinga kichwa, huita mamake. Kiarie hakukinga chochote. Nilimlalia kifudifudi, mwili mzima, na mateke yaliyokuwa yake yakawa yangu. Nikiwa pale juu, sikio langu mdomoni pake, nikamsikia.

"Waache tu," akasema.

Umati ulipoona aliyeibiwa amemlalia mwizi, ulichanganyikiwa. Mateke yalipungua, watu wakaanza kuulizana ameiba nini hasa, na kwa kuwa hakuna aliyejua, wakaondoka mmoja mmoja kurudi kwenye shughuli zao. Muuza vifuniko aliniuliza kama nahitaji kifuniko. Kama ningekuwa na nguvu ningemlisha vyote.

Nilisikia alichosema Kiarie. Sitajitetea kwamba sikusikia. Niliamua ni kiburi.

Tulishuka Dagoretti Corner na kuingia kliniki ndogo juu ya duka la rangi. Aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke kijana, Nanjala, afisa wa tiba, mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye sauti ya kutotaka mchezo. Alimshona Kiarie sikio nyuzi tisa. Kiarie hakusema hata "ai". Nanjala alimtazama kwa hilo, akatua sindano, akampima presha mara mbili, kisha akaniambia presha ya kijana huyu ni ya mzee wa miaka sitini na mapigo ya moyo yanakimbia kama anayefukuzwa. Nikampa bahasha yangu nikijua itamnyamazisha. Aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, akiwa ameketi. Kisha akaanza kumuuliza Kiarie maswali yasiyo ya tumbo wala mgongo: analala vipi, mara ya mwisho kucheka ni lini, kuna kitu chochote bado anakipenda. Kiarie alijibu polepole. Alisema hakuna msichana aliyemwacha, hakuna mtu amemkosea, hana sababu yoyote, na kukosa sababu ndiko kunakomtisha. Alisema tangu mwaka jana kila kitu kina ladha ya maji.

Nanjala aliniomba nitoke nje kidogo. Nikakataa. Akamuuliza mbele yangu kama huwa anafikiria kufa. Kiarie alinitazama mimi kwanza, halafu akasema hapana.

"Hawa wa town walikuwa wanatafuta kidonda, na hakuna," Nanjala akaniambia. "Lakini maumivu iko, hadanganyi. Hii ni depression, imemshika akili na mwili pamoja. Ikiachwa hivi itamuua, ama kwa moyo ama kwa mkono yake mwenyewe. Asikae pekee yake. Na asishike kisu. Jumatatu kuna kliniki ya akili hospitali kubwa, mtu ampeleke."

Nilimwambia ndugu yangu si mwendawazimu. Akajibu kwamba hakusema wazimu, mimi ndiye niliyesema. Nikamwambia kwetu hatuna watu wa kutibiwa huzuni, tuna watu wa kazi, na kwamba wao wenyewe wameandika kwenye karatasi kuwa ni mzima. Nanjala hakupaza sauti. Aliandika barua ya kliniki ya Jumatatu, akaninyooshea. Niliiacha pale pale juu ya meza. Nilishuka ngazi nikimsukuma Kiarie mbele yangu, na nilijisikia mwanamume kweli kweli.

Mama tulimdanganya kwamba tulivamiwa na vibaka.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku kubwa kichinjioni, maana mji mzima hutaka nyama ya wikendi. Saa kumi na mbili asubuhi niligonga mlango wa Kiarie. Alitoka amevaa tayari, gambuti miguuni, bandeji sikioni. Hakubishana. Laiti angebishana. Nilimpa kisu chake mimi mwenyewe, nimekinoa vizuri, nikamwambia kazi itamtoa uvivu mwilini.

Ng'ombe wanane wa kwanza walienda sawa. Wa tisa alikuwa fahali mwekundu kutoka Kajiado, nundu kubwa, pembe za kutosha kumbeba mtu. Jackton, pua bado imevimba kwa kazi yangu, alimpiga bastola kizimbani. Ilisikika hafifu, kama mlango unaofungwa na mtoto. Fahali aliporomoka, kizimba kikafunguliwa, akaviringika sakafuni. Nzau, mtu wetu wa winchi, aliinama kumfunga mnyororo mguuni, na mguu ule ukampiga tumboni akaruka nyuma hatua tatu. Fahali akasimama.

Kwenye ukuta wa kichinjio chetu pana bomba la chuma, juu kidogo ya kichwa cha mtu, limezunguka ukumbi wote. Mgeni akija kazini, kabla hajafundishwa kisu hufundishwa bomba. Ng'ombe akifufuka, unalirukia, unaning'inia, miguu juu, unangoja. Huhitaji kufikiri. Nimemwona mtu mwenye tumbo la kuhara akilirukia, nimemwona mzee wa miaka sitini na goti bovu akilirukia. Kiarie nilimfundisha mwenyewe, na alikuwa wa kwanza kufika daima.

Tuliruka wote. Yule mchinjaji wa Kiislamu akaruka na kanzu yake. Nilipogeuka huku nimening'inia, nilimwona Kiarie amesimama katikati ya ukumbi.

Hakuwa ameganda kwa woga. Woga naujua, unawafanya watu wajikojolee, wapige kelele. Kiarie aliinama, akaweka kisu chini taratibu, kama mtu aliyemaliza zamu. Akasimama wima tena. Akalegeza mikono. Fahali alikuwa akiteleza kwenye damu, akipiga pembe kizimba, akitafuta pa kutokea, damu ikichuruzika kutoka kwenye tundu la paji. Kisha fahali akamwona. Kiarie akafumba macho, na uso wake ukatulia. Sikuwa nimeuona umetulia tangu mwaka uliopita.

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, nikiwa nimening'inia kama nyani. Niliachilia bomba. Niliteleza, nikainuka, nikampiga kikumbo cha bega akaruka mpaka kwenye mfereji wa maji. Pembe iliyokuwa yake ikanikuta mimi. Iliingia chini ya kwapa, ikaninyanyua, nikaona dari, nikaona taa, halafu ukuta ukaja. Nilisikia mbavu zikikatika, moja, mbili, sauti ile ile ninayoijua ya shoka kwenye mzoga. Nilimshika fahali puani, vidole ndani ya matundu ya pua, nikapinda kwa nguvu zangu zote, naye akanikanyaga mkono wa kulia kati ya kiwiko na kiganja. Ulivunjika vipande viwili, mfupa ukatokeza mweupe. Tulikuwa tunapiga kelele wote wawili, mimi na yeye. Jackton alishuka. Nampa heshima yake, alishuka akiwa na bastola, akampanda shingoni kama anayepanda punda, akapiga. Safari hii ilisikika. Mchinjaji akaja na upanga wake, akataja jina la Mungu, na koo likafunguka juu yangu. Damu ya moto ilinijaa macho na mdomo, na kwa muda sikujua ni ya nani.

Waliponivuta kutoka chini ya kichwa chake, Jackton alikuwa bado na bastola mkononi. Alimnyooshea Kiarie kidole.

"Huyu kijana hakutaka kuruka," akasema. "Nimemwona na macho yangu."

Wote walikuwa wamemwona.

Kiarie alitambaa kutoka mferejini akaja akapiga magoti kando yangu. Alikuwa analia, ananiomba msamaha, anasema hakutaka mimi niumie. Nikashikwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nilitaka kumpiga. Wallahi, nikiwa nimelala pale nimevunjika, jambo la kwanza nililotaka ni kumpiga. Niliuamuru mkono uinuke, na mkono haukuinuka. Ulilala pale kwenye damu, si wangu tena. Sikuwa na kitu kingine cha kutumia ila mdomo.

"Ulikuwa unataka ikuue?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimechoka, bro. Nilitaka tu iishe."

"Nini iishe? Unaumwa wapi?"

Nilikuwa nimemuuliza swali hilo mara mia, kila mara kama polisi. Safari hii nilikuwa nataka kujua. Akaniambia. Alianza na kichwa, jinsi kinavyobana kuanzia saa tisa usiku akiwa macho. Akaja shingoni, mabegani, kifuani, akaeleza jinsi moyo unavyopiga bila sababu mpaka anahesabu mapigo akingoja usimame. Alisema magoti humuuma kama ya mzee, na kupiga mswaki ni kazi ya kujipanga asubuhi nzima. Alisema aibu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu vipimo vyote vya mjini vilisema ni mzima. Alizungumza mpaka gari la nyama likarudi nyuma mlangoni kunibeba, na ndani ya gari, chini ya ndoano tupu, akaendelea kuzungumza. Mimi ni mtu wa kukata maneno ya watu. Siku ile sikumkata, ingawa sehemu kubwa ni kwa sababu sikuweza kupumua.

Hospitali walirudisha mfupa, wakanishona kwapa, wakanifunga mkono plasta, wakanikaza mbavu, na Jumapili wakaniruhusu kwenda nyumbani. Mtaa mzima wa Satellite ulikuja. Waliniletea supu ya mifupa, ndizi, maziwa. Walitaka kuona plasta, wakaigonga kwa vidole, wakanisifu. Mchungaji aliniombea kwa dakika ishirini akitaja kila ubavu. Kiarie alikuwa akizunguka na birika la chai, akijaza vikombe, na kati ya watu arobaini na kitu waliopita mlango ule hakuna hata mmoja aliyemuuliza hali. Nilihesabu. Nilikuwa nimelala, sikuwa na kazi nyingine.

Watu walipoisha nilimwita mama. Nikamwambia ukweli wote: stoo ya ngozi, Barabara ya Latema, barua niliyoiacha mezani, kisu nilichokinoa. Nikamwambia, mama, nimempiga babako, na kidogo nimuue. Mama Virginia ni mzee wa kanisa, hajawahi kutukana mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, kisha akanizaba kofi la uso kwa mkono wake wote. Mbavu ziliwaka moto mpaka macho yakaona nyota. Nilidhani atanipiga tena, na nilikuwa tayari. Badala yake alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika mguu wangu kupitia blanketi, akalia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikamwangukia usoni.

Jumatatu asubuhi nilimwamsha Kiarie. Hakutaka kwenda. Alisema mimi ndiye mgonjwa, yeye atangoja nipone kwanza. Nikamwambia asipoenda nitakwenda peke yangu nikaseme mimi ndiye yeye. Alicheka kidogo, puani tu. Alivaa shati jeupe la kanisani, akachana nywele, akanifunga kamba za viatu kwa kuwa sikuweza kuinama. Tulikwenda kwenye kliniki aliyotuelekeza Nanjala, kwa teksi ya jirani, na kila tuta la barabarani nilimtaja mama wa aliyelijenga.

Mlango wa hospitali ulikuwa na foleni. Mimi nilikuwa natembea nimepinda, mkono umening'inizwa shingoni, jicho moja limevimba, jasho linanitoka. Kando yangu Kiarie, kijana mrefu, shati jeupe, hana kinachoonekana ila plasta ndogo sikioni. Karani wa mapokezi alituona kutoka mbali. Alikuwa mama mwenye huruma, alitoka nyuma ya dawati mwenyewe, akavuta kiti cha magurudumu akanisogezea magotini.

"Pole sana, baba, kaa hapa," akaniambia. Kisha akampa Kiarie kalamu. "Wewe kijana, andika jina ya mgonjwa."

Kiarie akaipokea. Akainamia daftari na, kwa jinsi alivyozoea, akaanza kuandika jina langu. Nikaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, nikaisimamisha.

"Mgonjwa ni huyu," nikasema. "Mimi nimemsindikiza tu."

Yule mama alimtazama Kiarie kutoka viatuni hadi nywele, akanitazama mimi, akarudi kwake. Foleni nzima ilitazama. Nilijua Kiarie anavyotazamwa, na nilijua ni mimi niliyemfundisha kuogopa kutazamwa hivyo. Sikumsemea zaidi. Kiarie akazikata herufi alizokuwa ameandika na kuandika jina lake. Halafu akakitazama kile kiti cha magurudumu. Akakizunguka polepole, akakishika mikono, akaketi, na pumzi iliyomtoka ilikuwa ya mtu aliyesimama mwaka mzima.

Hakuna aliyecheka. Karani akatuonyesha mlango wa mwisho kushoto, nami nikamsukuma kwa mkono mmoja.